Tustaafie wapi: Muleba, Morogoro au Lushoto?

Swali: Mimi ni mwalimu wa sekondari Dar es Salaam, natimiza miaka 60 Juni mwakani baada ya utumishi wa miaka 35. Nimekadiriwa mkupo (mafao ya kulipwa mara moja) wa karibu milioni 65 na pensheni ya kama laki sita na nusu kwa mwezi. Mume wangu ameshaacha biashara. Ana kisukari na tangu mwaka jana anachoma insulini. Tuna nyumba Tabata na watoto wawili wanaojitegemea, mmoja yuko Dar, mwingine Mwanza. Mzee anataka turudi kwao Muleba tujenge kwenye kibanja cha baba yake. Mimi naipenda Morogoro, nilisomea ualimu Kigurunyembe. Binti yetu anatushawishi Lushoto, anasema hewa nzuri na vyakula bei chee. Mimi ni mtu wa bustani na kwaya, mzee anapenda kukaa na wenzake na kusikiliza mpira. Wapi ni nafuu kweli kwa watu kama sisi? Na je, tuuze nyumba ya Tabata?

Jibu: Shikamoo Mwalimu, na umfikishie mzee salamu zangu.

Nianze na hesabu yako, maana mengine yote yanaitegemea. Miaka 35 ni miezi 420. Gawa kwa 580, kisha zidisha kwa wastani wa mshahara wa mwaka katika miaka yako mitatu bora. Ikiwa wastani huo ni milioni moja na nusu kwa mwezi, yaani milioni 18 kwa mwaka, pensheni kamili inakuja kama milioni 13 kwa mwaka. Asilimia 40 ya hiyo huzidishwa kwa 12.5, ndiyo mkupo: milioni 65 na ushee. Asilimia 60 inayobaki hugawanywa kwa miezi 12, ndiyo laki sita na nusu yako. Kwa hiyo makadirio uliyopewa yanakubaliana na kikokotoo cha sasa, na tunaweza kuyategemea.

Sasa angalia tofauti ya fedha hizo mbili. Milioni 65 zinaingia siku moja na hazirudi tena. Laki sita na nusu zinaingia kila mwezi maisha yako yote, na hazipandi kwa kasi ya bei za sokoni. Katika semina za wastaafu watarajiwa ninazoendesha, karibu kila swali la makazi huulizwa kwa jicho la mkupo: nikipata milioni kadhaa, kiwanja kikubwa nitakipata wapi, nyumba ya vyumba vinne nitaimaliza wapi? Hapo ndipo wengi wanapokwama. Nyumba inakamilika, ni nzuri, lakini mwezi wa saba wa kustaafu mtu anakopa nauli ya kwenda kliniki. Ninachokusihi, Mwalimu, ni kimoja: mahali mpachague kwa kipimo cha pensheni. Jiulize, kwa laki sita na nusu, ndani ya mwezi wa kawaida wenye kliniki moja, msiba mmoja na mgeni mmoja, tunaishi wapi bila kugusa akiba?

Ndiyo maana bei ya chakula, ambayo binti yako ameitaja kwanza, mimi naiweka nyuma. Ni kweli Lushoto viazi, kabichi na karoti ni bei ya shambani, huko ndiko zinakopakiwa kuja Dar. Lakini ninyi ni wawili, na mmoja hata wali anapimiwa. Tofauti ya bei ya gunia la viazi haiwezi kuwaangusha wala kuwainua. Kinachomla mstaafu ni matibabu, safari, nyumba yenyewe na watu, kwa maana ya michango na wageni.

Matibabu kwanza, kwa sababu ya insulini. Kama mtumishi uliyekuwa unachangia NHIF, bima ya afya ya taifa, unaendelea kutibiwa baada ya kustaafu, wewe na mwenza wako. Wategemezi wengine wanatoka kwenye kadi. Kama mna mama au mjukuu mliyemwandikisha, mjue tangu sasa kwamba tiba yake itakuwa mfukoni mwenu. Kadi zibadilishwe ziingie kundi la wastaafu mapema, kabla hamjahama, kwa sababu kufuatilia karatasi za Dar ukiwa Kagera ni gharama nyingine.

Ila kadi inafaa pale tu penye huduma. Mkienda kutembelea mji wowote kati ya hiyo mitatu, msianze na dalali. Anzeni na duka la dawa. Mzee aingie na kichupa chake mkononi aulize: hii insulini mnayo leo? Mnapokea NHIF? Ikiisha, mzigo mwingine unakuja baada ya siku ngapi? Kisha nendeni hospitali ya wilaya au ya mkoa mkaulize kliniki ya kisukari ni siku gani, daktari bingwa wa magonjwa ya ndani yupo wa kudumu au anakuja kwa zamu, na kama wanafanya kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu hapo hapo au sampuli husafirishwa. Ulizeni pia kuhusu macho na figo, kwa sababu kisukari cha muda mrefu huko ndiko kinakoelekea. Leo mzee hahitaji kusafishwa damu, na Mungu amwepushie, lakini mnachagua mahali pa miaka 20. Mgonjwa wa figo huhitaji mashine mara mbili au tatu kwa wiki. Anayeishi saa nne kutoka kwenye mashine hana namna, lazima ahame upya, tena akiwa dhaifu.

Halafu kuna umeme. Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Iliyofunguliwa huvumilia joto la kawaida la chumba kwa takriban wiki nne, mradi chumba kisiwe tanuri. Mahali ambapo umeme hukatika siku mbili mfululizo, mtahitaji mpango: friji ndogo ya sola, au angalau chungu cha udongo chenye mchanga mbichi kivulini, ambacho hupunguza joto kwa kiasi cha kuokoa dawa. Ulizeni majirani, si mwenye nyumba: mara ya mwisho umeme ulikatika lini, na ulirudi lini?

Sasa Muleba, na hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndiko moyo wa mzee uliko na ndiko kwenye jambo linalonipa wasiwasi kwa upande wako.

Mzee hajakosea kutamani kwao. Kagera mvua ni misimu miwili, kibanja chenye migomba na kahawa kinalisha nyumba mwaka mzima, hali ya hewa ni ya wastani, na kule ana watu. Hilo la watu lina uzito mkubwa kuliko linavyoonekana. Mwanamume aliyeacha kazi akahamia mji asiojulikana huweza kukaa mwaka mzima akisalimiana na mlinzi wa jirani tu. Muleba mzee atakuwa na kijiwe tangu asubuhi ya kwanza. Kwa tiba pia si jangwani kama watu wa Dar wanavyodhani. Wilayani kuna hospitali za siku nyingi za makanisa, Rubya na Ndolage, na kwa rufaa siku hizi iko Hospitali ya Kanda ya Chato, mkoa jirani wa Geita. Bugando, hospitali ya rufaa ya Mwanza, nayo imesogea: daraja la Kigongo–Busisi lilizinduliwa Juni 2025, na msafiri wa Mwanza hasubiri tena kivuko. Kijana wenu wa Mwanza anaweza kuwafikia kwa gari siku hiyo hiyo.

Upande wa pili, binti wa Dar atakuwa zaidi ya kilomita 1,300 kwa barabara. Kila harusi, kila msiba, kila shughuli ya benki au ya nyumba ya Tabata itakuwa safari ya kulala njiani, watu wawili, mmoja akiwa na dawa ya kutunzwa baridi. Kaeni chini mhesabu mlisafiri mara ngapi mwaka jana kwa shughuli za ndugu na marafiki wa Dar ambazo msingeweza kuzikwepa, zidisheni kwa nauli ya wawili kwenda na kurudi na malazi, kisha gawanyeni kwa 12. Hiyo ni kodi yenu ya kila mwezi ya kuishi Muleba, hata kama nyumba ni yenu na ndizi ni za bure.

Lakini wasiwasi wangu mkubwa ni kibanja. Umeandika "kibanja cha baba yake". Je, mirathi ya marehemu ilifunguliwa na kugawanywa, au ndugu wanakitumia kwa maelewano? Kama haikugawanywa, kila tofali utakaloweka kwa mkupo wako linakaa kwenye ardhi ya watu wengi. Na hata kama kimegawanywa na fungu hilo ni la mzee kabisa, jiulize swali ambalo wanandoa wengi hulionea haya: yeye akitangulia, wewe unabaki na nini? Amri ya mwaka 1963 iliyoandika sheria za mila za urithi inasema mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto. Kagera imewahi kuleta mahakamani kesi iliyotikisa mila hizo: mwaka 1990, katika shauri la Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza aliamua kwamba mila inayomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi inapingana na haki za kikatiba. Ni hukumu ya kujivunia. Ila ilihusu binti aliyeachiwa ardhi na baba yake kwa wosia. Mjane aliyeolewa kutoka nje ya ukoo bado anaweza kujikuta akibishana na mashemeji juu ya nyumba aliyoijenga kwa jasho lake la miaka 35 darasani.

Dawa ipo na si ghali. Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5 ya mwaka 1999 inaruhusu kijiji kutoa hati ya haki miliki ya kimila, na hati hiyo inaweza kuandikwa majina ya mume na mke pamoja. Sheria hiyo hiyo inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Kwa hiyo kabla ya mchanga wa kwanza kumwagwa: ndugu wa mzee wakubali kwa maandishi mipaka ya fungu lake, halmashauri ya kijiji ishuhudie, hati itoke kwa majina mawili, na mzee aandike wosia unaotaja nyumba hiyo. Mwambie kwa upendo, mkiwa wawili tu, na umwambie kwamba unamwomba hivyo kwa sababu unakubali kwenda kwao. Akisema ndugu zake watajisikia vibaya, basi mmejua mapema kwamba hapo si pa kuwekeza mkupo. Mnaweza bado kwenda kila mwaka, mkalala kwenye nyumba ya familia, mkarekebisha paa na choo, mkaishia hapo.

Na kama mtajenga, msijenge ya kuonwa na watu. Vyumba viwili, sebule, choo ndani, mlango mpana, bila ngazi. Fundi aweke nguzo za zege na lenta, yaani mkanda wa zege, inayozunguka nyumba nzima. Tetemeko la Septemba 2016 liliangusha nyumba nyingi Bukoba na maeneo ya jirani, na kuta za tofali zisizo na mkanda ndizo zinazotangulia kuanguka.

Morogoro ni chaguo lako, na kwa hesabu ya pensheni ndilo ninaloliunga mkono, angalau kwa kuanzia. Sababu kubwa ni treni. Tangu SGR, treni ya reli mpya ya kisasa, ianze safari Juni 2024, Morogoro imekuwa chini ya saa mbili kutoka katikati ya Dar, na nauli ya daraja la kawaida ilipangwa shilingi 13,000. Watu wawili kwenda na kurudi ni 52,000. Mzee akitakiwa Muhimbili kila baada ya miezi mitatu, ni chini ya 20,000 kwa mwezi, ukiongeza bajaji haizidi 30,000. Binti anaweza kuja Jumamosi akarudi Jumapili. Na kwa kliniki za kawaida mjini pana hospitali ya rufaa ya mkoa.

Kwa maisha yako wewe, Morogoro inakutosha. Mboga na ndizi zinashuka kutoka Uluguru alfajiri, akina mama wa Kiluguru wakiwa na mabeseni kichwani, na soko jipya la Chifu Kingalu liko katikati ya mji. Udongo wa miteremko ya chini unapokea karibu kila kitu. Kwaya hutakosa. Ila uchague mtaa kwa miguu yako. Bigwa na Kilakala ziko karibu na mlima, kuna kivuli na upepo wa jioni, lakini baadhi ya njia zina mwinuko ambao goti la miaka 70 litaulalamikia. Kihonda ni tambarare na iko upande wa stesheni ya SGR, ila joto ni kali zaidi na sehemu nyingine maji ya mvua hayana pa kwenda. Maji ya bomba nayo muulizie kwa makini. Mji unategemea sana bwawa la Mindu, na ukame ukizidi huja mgao. Nyumba isiyo na simtanki la lita 2,000 kwangu haijakamilika.

Kitu kimoja ukikumbuke: Morogoro unayoipenda ni ya miaka yako ya Kigurunyembe, ulipokuwa kijana na rafiki zako wote wapo. Utakaporudi utakuwa mgeni. Kwa mzee ndiyo kabisa, hajawahi kuishi hapo. Kabla ya kukubali nyumba, atafute kwanza pa kukaa: kibanda cha kahawa, jumuiya ya kanisa, chama cha watu wa Kagera waliopo mjini. Akikosa, ndoto yako ya bustani itageuka kifungo kwake, na mtarudi kubishana juu ya Muleba mkiwa mmeshatumia fedha.

Lushoto nitaipitia haraka. Ni pazuri mno kwa kutembelea, na kwa mtu wa miaka 60 mwenye afya na gari lake hata pa kuishi panafaa. Kwenu hapana. Mji uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Juni hadi Agosti baridi inaingia kwenye mifupa, na karibu kila njia ni ya kupanda au kushuka. Mtu wa kisukari akipata kidonda cha mguu hataki njia za mawe. Rufaa yenu ingekuwa Hospitali ya Bombo, Tanga mjini, baada ya kuteremka zile kona za Soni hadi Mombo, njia ambayo mvua kubwa zikinyesha hudondokewa na mawe na udongo. Nendeni na binti kwa wiki moja ya mwezi wa kwanza, mle plamu mrudi.

Umeuliza mitatu, nitaje na mingine miwili kwa kifupi kwa faida ya wasomaji walio kwenye njia panda kama yako. Tanga mjini panasahaulika isivyostahili: tambarare, watu bado wanaendesha baiskeli hadi uzeeni, samaki wapo, Hospitali ya Bombo iko pale pale. Aliyezaliwa pwani na anayevumilia joto la Februari asiiruke. Moshi ina hospitali kubwa ya rufaa ya KCMC, na kwa mgonjwa hilo ni jambo kubwa sana, lakini ardhi imebana na bei zake si za pensheni. Mwenye kihamba chake tayari, yaani shamba la ukoo la Kichaga, ndiye anayefaidi.

Sasa nyumba ya Tabata. Msiuze. Angalau msiuze katika miaka miwili ya kwanza. Nyumba hiyo ndiyo pensheni ya pili, na ndiyo mlango wa kurudia mambo yakigoma. Kisheria pia hakuna anayeweza kuiuza peke yake: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya mwenza kwa nyumba ya familia, kwa hiyo akija mnunuzi na haraka zake, mna haki ya kusema hapana, yeyote kati yenu.

Ipangisheni. Tuseme mpangaji analipa laki tatu na nusu kwa mwezi, mkitoa kodi ya zuio ya asilimia 10 inabaki 315,000. Ongeza laki sita na nusu ya pensheni, mna 965,000. Tuseme Morogoro mnapanga nyumba ya kawaida kwa laki mbili, inabaki 765,000. Chakula laki tatu, umeme, maji na gesi laki moja, msaidizi wa kazi 80,000, safari 60,000, dawa ambazo bima imezikataa 50,000. Jumla 590,000. Zinabaki 175,000 za michango na dharura, na mkupo haujaguswa hata senti. Weka bei halisi mtakazozikuta, maana hizi zangu ni za mfano; lakini mpangilio ubaki huo huo. Fanya hesabu hiyo hiyo kwa Muleba: kodi ya nyumba sifuri, chakula nusu, safari mara tatu au nne, na ongeza mstari wa ujenzi. Kisha mfanye ya tatu, ambayo watu hawaipendi: Tabata ikikosa mpangaji kwa miezi minne, bado mnaishi?

Kwa mwaka huo wa kwanza mkupo ukae mahali ambapo hamuuchukui kwa hasira ya siku moja. Toeni milioni kumi za kuhamia na dharura, zilizobaki ziende kwenye hati fungani za Serikali zinazouzwa na Benki Kuu au kwenye mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS. Mfuko wao wa Hati Fungani una mpango wa kupokea gawio kila mwezi. Watakuja watu. Watakuja na mashamba ya parachichi, na biashara ya mabasi, na mtoto wa kaka aliyekosa ada. Na watapiga simu matapeli wanaojua jina lako, shule yako na tarehe yako ya kustaafu, wakidai utume fedha ili mafao yatoke. Hakuna malipo ya kutoa ili kulipwa mafao. Kata simu, nenda ofisi ya PSSSF, mfuko wako wa pensheni, kwa miguu yako. Kwa ndugu, mkubaliane wewe na mzee kiwango cha mchango kwa mwezi, muwe na jibu moja. Muleba jibu hilo litajaribiwa zaidi kuliko Morogoro, kwa kuwa kijijini habari ya mafao hutangulia kufika kabla ya mwenye mafao.

Kwa hiyo ningefanya hivi ningekuwa ninyi. Likizo ya Desemba hii nendeni Muleba wiki tatu, si kusherehekea tu, bali kuishi: mzee aende Rubya kliniki, wewe ukae kikao na ndugu kuhusu mipaka ya kibanja. Juni ukistaafu, hamieni Morogoro kwa kupanga, mwaka mzima, ili mpite vuli, joto la kiangazi na masika ndani ya nyumba hiyo hiyo. Wenye nyumba wengi watataka kodi ya miezi sita kwa mpigo. Lipeni hiyo sita, msilipe mwaka kabla hamjaona bomba likitoa maji mwezi wa kumi. Baada ya masika kaeni tena muamue, na safari hii mzee awe na uzoefu wa kulinganisha. Akisema bado Muleba, na hati ina majina mawili, nenda naye ukiwa na amani. Ningewashauri basi mkae karibu na Muleba mjini, penye umeme na usafiri wa usiku, na kibanja kiwe cha kwenda mchana.

Yatakayobadilisha ushauri wangu ni mawili. Daktari akisema figo za mzee zimeanza kuchoka, bakini Tabata, pangisheni upande mmoja wa nyumba, na Morogoro iwe ya mapumziko. Na ikiwa kijana wa Mwanza anafikiria kuhamia Kagera moja kwa moja, Muleba inapanda juu ya orodha, kwa kuwa mtoto aliye dakika 20 kutoka mlangoni hufanya kazi ambayo hakuna bima inayoilipia.

La mwisho ni la ofisini. Mtumishi wa umma anayestaafu hugharimiwa na mwajiri nauli na usafirishaji wa mizigo kurudi nyumbani kwake. Nenda kwa afisa utumishi mapema uangalie jalada lako limeandika nyumbani ni wapi, maana walimu wengi waliandika siku ya kwanza ya kazi na hawakuligusa tena. Kisha ukishatoka Muleba Januari, niandikie mambo matatu: ndugu wamesema nini kuhusu mipaka, insulini ilipatikana kwa bima au kwa fedha taslimu, na mzee alilala usingizi wa namna gani.